Kumuabudu mtu ni kufanya nini hasa? Jinsi ya kulifungua neno mpaka ulione lilikotoka

Wiki mbili baada ya harusi yake binamu yangu aliposti picha ya mumewe, kaka wa watu kakaa kwenye kiti cha plastiki anakula chapati, na juu yake kaandika "namuabudu huyu mwanaume" na kopa tatu nyekundu. Haikupita nusu saa shangazi yetu mkubwa akaingia kwenye grupu la familia na voisi ya dakika 4, hagombi ila sauti imeshuka kabisa, anasema mwanangu futa hilo neno, hilo ni la Mungu peke yake. Binamu akajibu shikamoo shangazi, samahani sana, lakini mbona ni mapenzi tu, siku hizi kila mtu anaandika hivyo. Basi wote wawili wakanigeukia mimi kwa sababu nafundisha Kiswahili, na nikaona hili halijibiki kwa mstari mmoja, inabidi neno lenyewe lifunguliwe tuone ndani kuna nini.

Nilivyolifungua ndo naeleza hapa, na njia hii unaweza kuitumia kwa neno lolote, ila kwa leo tubaki na haya maneno ya kumpandisha mtu mpaka kwenye kiti cha Mungu, maana haya yana damu nyingi kuliko mengine.

Kwanza kabisa usikimbilie kamusi. Fungua noti kwenye simu uandike sentensi ulizozisikia kweli watu wakisema, sio za kutunga. Mi niliandika hizi: Waislamu wanamuabudu Mwenyezi Mungu. Ibada ya kwanza inaanza saa 1 asubuhi (hii imebandikwa kwenye mlango wa kanisa karibu na kwetu). Yule jamaa anaiabudu pesa. Mashabiki wanamuabudu straika wao. Zisome tena taratibu. Mbili za kwanza hazina ubishi, ila hizo mbili za mwisho zinalaumu, hakuna mtu anayesema fulani anaiabudu pesa halafu awe anamsifia. Kwa hiyo kabla hata ya asili umeshapata kitu kikubwa, kwamba kwa Kiswahili ukitoa kuabudu kwa Mungu ukalipeleka kwa mtu au kitu, neno linaenda na lawama yake mgongoni, na binamu alikuwa amelibeba bila kujua akidhani amebeba ua.

Sasa lifungue. Maneno yetu ya dini mengi yametoka Kiarabu, na Kiarabu kinajenga maneno yake juu ya konsonanti, mara nyingi 3, irabu zinakuja kujaza katikati. Kwa hiyo futa irabu zote kwenye "abudu" uone kinachobaki: b na d. Mbili tu! Hapo wengi wanakwama wanadhani wamekosea, kumbe ukipata mbili ujue kuna moja imezama, na mara nyingi iliyozama ni ile herufi ya ayn, ile sauti inayotoka kooni ambayo Waswahili wengi tumeiacha huko huko madrasa. Elimu inaanza na ayn, asali inaanza na ayn, umri vilevile, sisi tunazitamka kama zimeanza na irabu ya kawaida tu. Abudu pia. Mzizi wake ni ayn, b, d.

Ukishapata mzizi tafuta ndugu zake, na hapa ndo kazi inanoga. Ibada ni ndugu. Maabadi, mahali pa kuabudia, ni ndugu. Na ndugu mkubwa kuliko wote unaishi naye mtaani: Abdallah. Abd ni mtumwa, Abdallah ni mtumwa wa Allah. Abdulrahman, mtumwa wa Mwingi wa Rehema. Abdulrazak, kama yule mwandishi mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Nobel ya fasihi mwaka 2021, ni mtumwa wa Mtoa riziki, na riziki yenyewe unaiona imekaa humo ndani ya razak. (Na ukimkatiza mtu ukamuita Abdul tu umemuita "mtumwa wa..." halafu ukanyamaza, ndo maana wazee wengine wanataka jina litamkwe lote.)

Kwa hiyo kiini cha kuabudu ni utumwa. Kupenda sana hakumo kwenye mzizi, wala kusifu, wala kushangilia. Ni kusema mimi ni mali yako, amri yako ndo maisha yangu. Kama umesoma madrasa hili neno umelitamka kabla hujajua kufunga kamba za viatu, kwenye Alhamdu, sura ya kwanza ya Qurani: iyyaka na'budu wa iyyaka nasta'in, Wewe tu tunakuabudu na Wewe tu tunakuomba msaada. Sikiliza hiyo na'budu, ni abudu yetu kabisa, na anayeswali sala zake tano anapita hapo kwenye rakaa 17 za faradhi kila siku. Na angalia neno "tu" lilivyokaa. Shangazi akisema neno ni la Mungu peke yake hajalitoa kichwani mwake, amelisimamia miaka yote hiyo.

Upande wa kanisani usidhani ni hadithi nyingine. Kwenye Amri Kumi, Kutoka 20, Biblia ya Kiswahili ile ya Union inasema kuhusu sanamu "usivisujudie wala kuvitumikia". Hilo kuvitumikia, ukienda kwenye Kiebrania chake, ni mzizi uleule wa ayn, b, d, maana Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja. Nabii Obadia jina lake maana yake ni mtumishi wa Bwana, yaani Obadia na Abdallah ukiwakalisha benchi moja wana jina moja. Na Abednego wa kwenye tanuru la moto, jina alilobandikwa kule Babeli limeanza na hiyo hiyo abed, mtumishi wa Nego, ambaye wengi wanaona ni Nebo, mungu wa Wababeli. Fikiria hilo, kijana amebandikwa jina la utumwa wa mungu wa watu, halafu akaambiwa apigie magoti sanamu ya dhahabu ya mfalme akakataa. Jina walimpa, ibada hakuwapa.

Halafu kuna kitu ambacho kilinisimamisha siku ile nikaacha hata chai ikapoa. Watafsiri walipohitaji neno la Kibantu kwa huo mzizi walichukua tumikia, na tumikia inatoka kwenye tuma. Hebu zaa kutoka kwenye tuma uone: mtumwa, mtumishi, mtume. Mtumwa ni anayetumwa. Kwa hiyo Kibantu na Kiarabu, bila kuulizana, wote wameweka mtumwa na mcha Mungu kwenye familia moja. Ndo maana mchungaji anaitwa "mtumishi" na anafurahi, na mtume anaheshimiwa na ulimwengu mzima wakati mtumwa, ndugu yake wa tumbo moja, ni neno la kuumiza. Tofauti inatokana na nani anayekutuma.

Hapa naomba nionye kidogo maana watu wengi wanaanguka hapa. Ukishajifunza mchezo wa konsonanti unaanza kuona undugu kila mahali. Mtu anakuja na "abadani" anasema si unaona b na d, basi ni abudu pia, ukimwabudu mtu ni abadani, milele. Inapendeza ila sio kweli. Abadani ina hamza mwanzoni, herufi nyingine ya Kiarabu, sio ayn, na mzizi wake ni wa umilele, ndo ile "milele na abadi". Kwa Kiswahili hamza na ayn zote zimepotea kwa hiyo maneno mawili ya mbali yamekuja kufanana kama mapacha. Adabu nayo sio ndugu, ina d kabla ya b na hamza mbele. Dawa yake ni kumuuliza mtu anayesoma Kiarabu akuandikie neno kwa herufi zake, au kuangalia kamusi inayoonyesha asili, ile ya Johnson ya mwaka 1939 ya Kiswahili na Kiingereza ni ya zamani lakini inakuwekea neno la Kiarabu palepale. Ukikosa vyote viwili usitangaze, baki na "inafanana".

Ukimaliza neno lako waite majirani zake uwapime pamoja, kwa sababu neno halijulikani peke yake, linajulikana kwa wanaokaa nalo. Mi niliwaita wanne.

Sujudu ni la mwili. S, j, d, kuweka paji la uso chini. Ndo maana alama ya kwenye paji inaitwa sijida. Mtu akiandika "namsujudia bosi wangu" anasema kitu ambacho mwili unaweza kukifanya hapo hapo sakafuni, abudu inaweza kukaa moyoni hakuna anayeiona. Na usichanganye na heshima yetu ya kawaida, shikamoo yenyewe inaelezwa kuwa ni nashika miguu yako, lakini anayeshika miguu anaangalia juu anasubiri marahaba, mkubwa anamjibu na wote wanaendelea na safari.

Tukuza ni letu la Kibantu, tukuka ikawa tukuza kama geuka inavyokuwa geuza, kumfanya mtu awe juu. Mtu anaweza kutukuka na asiwe mungu, kwa hiyo hili lina nafasi, ingawa "utukufu" makanisani umeshakaa upande wa Mungu na ukiupeleka kwa diwani watu wanageuza shingo.

Shirki ndo jirani mwenye habari nyingi. Sh, r, k, kushiriki. Kutoka hapo tunayo shirika, ushirika wa kahawa, mshirika, shirikisho, maneno mazuri yote ya kufanya jambo pamoja. Lakini kumpa Mungu mshirika, kumuweka mtu au kitu pembeni yake kana kwamba wanagawana enzi, hiyo ndo shirki, na kwa Uislamu hakuna dhambi kubwa kuliko hiyo. Halafu Tanzania tumelivuta zaidi mpaka ushirikina, ambao kwa mtu wa kawaida ni hirizi na waganga, wengi wanaotamka ushirikina hawajui kuwa ni binamu wa shirika la ndege. Kwa hiyo shangazi alipoogopa, alichokiogopa jina lake ni hili, na nilipomtajia akasema "ee, hilo hilo mwanangu."

Na wa nne ni mungu mtu. Hili sijaliacha mwisho kwa bahati mbaya, ndo neno ambalo Kiswahili chenyewe kimelitengeneza kwa jambo hili, bila kukopa. Kwanza mungu: hili ni la Kibantu la zamani, Wachewa, Wayao, Wakamba na Wagiriama wanasema Mulungu, Wameru wanasema Murungu. Kiswahili kina tabia ya kumeza l katikati ya irabu, njala ikawa njaa, kuvala ikawa kuvaa, na Mulungu ikawa Muungu, kwenye maandishi ya zamani utaikuta hivyo kwa u mbili, mpaka ikafupika kuwa Mungu. Ushahidi kwamba m- ya mwanzo ni kiambishi tu uko kwenye neno "uungu", ondoa m weka u. Na angalia wingi wake: miungu, kama mti na miti. Mtu anakwenda watu, mungu anakwenda miungu. Sarufi yenyewe iliwaweka nyumba tofauti tangu zamani, kwa hiyo ukisema "miungu watu" umeunganisha vitu ambavyo lugha haikuviweka pamoja, na mimi naamini ndo maana neno linachoma. Limebeba kosa lake ndani yake.

Tanzania utalisikia bungeni, kwenye mikutano ya wanakijiji, kwenye foleni ya ofisi ambapo karani kafunga dirisha, "huyu amejifanya mungu mtu". Tofauti yake na abudu iko kwenye nani anafanya: kuabudu kunatoka chini kwenda juu, mimi najishusha mbele yako, wakati umungu mtu mara nyingi unaanzia juu, mwenyewe kajipandisha, halafu huku chini wanakuja chawa, yaani wapambe wa kumsifia ili wapate chochote, kumshikilia asishuke. Hilo la chawa ni neno la siku hizi lakini linafaa sana hapa, maana chawa haabudu, chawa ananyonya. Kwa hiyo usiseme "chawa wake wanamuabudu", unawapa sifa ya moyo ambayo hawana.

Mifano ya mungu mtu ipo ya kila zama na inasaidia kulishika neno. Firauni kwenye Qurani anasema mimi ndiye mola wenu mkuu. Dario kwenye kitabu cha Danieli anatia sahihi amri kwamba kwa siku 30 mtu asimwombe mungu wala mwanadamu ila yeye mfalme. Warumi walifanya kwa utaratibu kabisa, Seneti ikamtangaza Julius Caesar kuwa mungu mwaka 42 KK akiwa ameshakufa, na aliyefaidika ni mrithi wake Octavian ambaye baadaye akawa Augustus, maana sasa akajiita mwana wa mungu. Na hapa jirani, Zaire ya Mobutu, taarifa ya habari ya televisheni ilikuwa inafunguka na mawingu, halafu katikati ya mawingu uso wa Mobutu unashuka. Neno mungu mtu hakuna haja ya kulifafanua mbele ya picha ile.

Lakini kuna mfano mmoja unaokwenda kinyume na inabidi uujue ili usilaumu hovyo. Haile Selassie wa Ethiopia, kabla ya kutawazwa Novemba 1930 aliitwa Ras Tafari. Ras ni kichwa, ni cheo, na ni neno la ukoo mmoja na rasi yetu ya baharini na rasilimali, kichwa cha mali. Watu wa Jamaica wakaona ndani yake uungu, wakajiita Rastafari kwa jina lake, na alipotua Kingston Aprili 1966 umati ulijaa uwanjani mpaka kwenye ndege. Yeye mwenyewe alikuwa Mkristo wa Orthodoksi na jina lake la kifalme maana yake ni nguvu ya Utatu. Hapo utasema waliomuabudu walimuabudu kweli, kwa moyo, ila kumuita yeye mungu mtu kwa sababu hiyo tu haikai sawa, maana kwenye neno hilo kuna kujifanya.

Ukishapima hivyo, kuchagua kunakuwa rahisi. Kama mtu amejishusha mbele ya mwingine kupita mpaka, sema anamuabudu, na ujue umelaumu. Kama mtu amejipandisha, sema mungu mtu, na tabia yenyewe umungu mtu, wengine wanaandika uungu mtu, zote utazikuta. Kama unataka heshima kubwa isiyogusa kiti cha Mungu tumia kuenzi, kama tunavyosema kila Oktoba 14 tumuenzi Mwalimu Nyerere. Enzi nayo ni ya Kiarabu, ya nguvu na utukufu, ndo imo kwenye Mwenyezi, lakini kumuenzi mtu tumeshakubaliana kuwa ni kumtunzia heshima yake. Na kwa kuwa nimemtaja Mwalimu: Kanisa Katoliki lilipoanza mchakato wa kumtangaza mtakatifu mwaka 2005 nilisikia watu wakisema sasa mnamfanya mungu. Angalia cheo alichopewa, Mtumishi wa Mungu. Ni Abdallah. Ni Obadia. Ngazi ya kwanza kabisa ya kuheshimiwa huko ni kuitwa mtumwa, na Wakatoliki wenyewe wanatenganisha kuwaheshimu watakatifu na kumuabudu Mungu, ni mambo mawili kwao.

Na kama ni mapenzi tu, mapenzi ya mke kwa mume anayekula chapati, Kiswahili hakijawahi kukosa maneno. Namzimia lipo. Namhusudu lipo, ingawa lilianzia kwenye wivu, watu sasa wanalitumia kwa kuvutiwa sana. Nampenda kufa na kuoza lipo, na hilo mi ndo nalipenda kuliko yote, kwa sababu anayeoza ni mwanadamu, hakuna anayeweza kukudhania umemfanya mtu mungu.

Nikawatumia yote haya kwenye grupu kwa voisi tatu ndefu. Binamu akahariri chini ya picha, akaandika nimekufa nimeoza, kopa akaziacha zote tatu. Shangazi safari hii alituma voisi ya sekunde 6: "Sasa hapo sawa mwanangu. Mi kwa mjomba wenu nimeoza mwaka wa 41 huu."